Mlango wa Kushoto

Fundi Cheche alizima mashine ya kuchomelea, akavua miwani yake myeusi, akatangaza kwamba fremu imekwisha. Masafa hakurudi nyuma kuitazama kama wafanyavyo wateja wengine. Aliisogelea, akaanza kuipapasa: bomba la chini, bomba la juu, mkunjo wa mbele ulioinuka kama paji la uso, kisha mgongo ulioteremka taratibu hadi nyuma. Lilikuwa tela dogo la kulala safarini, lenye umbo la tone la maji lililolazwa ubavu juu ya magurudumu mawili.

"Mzee, chuma bado kina moto," Cheche alimwonya.

"Ndiyo maana nakishika. Kikipoa kitaanza kuniongopea."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye lango la karakana, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Mtaani walimwita Mama Sare, maana ilikuwa vigumu kumpata mtoto wa mtaa ule ambaye sketi au kaptula yake ya shule haikupita kwenye cherehani yake. Mumewe alimwita aje aone kazi, naye alikuja na kuona. Alilizunguka tela mara moja, akarudi alipoanzia.

"Mlango ndio huu wa kulia?"

"Ndio huo."

"Na wa upande wa pili?"

"Hakuna wa pili. Mmoja unatosha."

"Kitanda kinaenea ukuta hadi ukuta. Anayelala kushoto atatokaje?"

"Atapita juu ya mwenzake."

Cheche aliangua kicheko. Mama Sare hakucheka.

"Kwani kuna mwenzake?" aliuliza, akaondoka bila kusubiri jibu.

Tangu Masafa aachishwe kazi ya kuendesha malori, akieleza kwamba kampuni inapunguza watu, nyumba ilikuwa haijatulia. Aliketi, akainuka. Alikwenda getini, akasikiliza barabara, akarudi, akauliza saa, na kabla hajajibiwa alikuwa amekwisha kwenda getini tena. Walikuwa wameoana muda mrefu, wamelea binti hadi akawa mwalimu, lakini kukaa pamoja kila siku ndiyo kwanza walikuwa wanaanza. Mama Sare alishona huku akisikia zile ndara zikienda na kurudi nyuma yake, na mshono ukaanza kupinda. Kisha bwana akaja na hadithi ya tela. Kiinua mgongo chake chote kikageuka mabomba ya chuma.

"Unakwenda wapi nalo?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Litakapofika," alijibu Masafa.

*

Dukani kwa muuza mabati walikwenda pamoja, kwa kuwa karatasi za alumini ni pana na kuzibeba kunataka watu wawili. Zilikuwa zimeegemezwa ukutani, unene wa kila moja umeandikwa kwa chaki pembeni.

"Chagueni tu, wazazi wangu," alisema muuzaji. "Kila kitu kimeandikwa."

Masafa alisogeza uso, akaurudisha nyuma, akageuza shingo kidogo. "Nisomee."

"Si hiyo hapo, mzee? Imeandikwa kubwa kuliko bango la duka."

"Nimesema nisomee."

Muuzaji aliwageukia wenzake waliokuwa wakipakia simenti. "Jamani, kisomo cha watu wazima bado wanaandikisha?" Wakacheka wote, hata mteja mmoja aliyekuwa akihesabu misumari.

"Shule yetu ilikuwa mbali," alisema Masafa kwa upole, naye akacheka kidogo ili asiwaharibie.

Mama Sare alikodoa macho. Mwanamume huyu alikuwa akisoma gazeti kuanzia jina lake hadi matangazo ya vifo, tena kwa sauti, mpaka aombwe anyamaze. Alifungua kinywa. Masafa akamshika kiganja, akakibana.

Walipofika nje, karatasi za alumini zikiwa kati yao, zikitetemeka na kumulika kila aliyepita, mama alishindwa kuvumilia.

"Kwa nini umekubali kuitwa hujui kusoma?"

"Tumepata mali au hatukupata?"

"Tumepata."

"Basi. Shika vizuri hapo kwako, inainama."

Aliishika vizuri, lakini moyo haukutulia. Wanawake waliokuja kupima nguo kwake hawakuchoka kusema kwamba dereva wa masafa marefu ana nyumba kila kituo. Kwa miaka mingi maneno hayo aliyafagia pamoja na vipande vya vitambaa. Sasa aliyaona yamerudi. Mtu anakuwa na siri mpaka anakubali kuchekwa dukani? Na kitanda chenye mlango mmoja, upande wa mumewe?

*

Hata hivyo alikwenda kumsaidia. Hakuweza kukaa nyumbani akisikia tu kwamba kazi inaharibika, na kazi ilikuwa inaharibika kweli. Masafa alichora ubavu wa tela juu ya alumini kwa mkono mtupu, na mstari ukatangatanga kama njia ya mbuzi.

"Weka hiyo kalamu chini," mama alisema. "Nguo haikatwi kwa kukisia."

Aligundisha magazeti ya zamani kwa uji wa unga wa ngano, akayatandaza juu ya fremu, akapitisha kucha kwenye ukingo wa bomba mpaka umbo lote likajichapa. Akaongeza upana wa vidole viwili wa kukunjia. Ile karatasi ilipowekwa juu ya alumini na kukatwa, ubavu ulikaa kwenye fremu bila ubishi. Cheche aliacha kazi yake akaja kuangalia.

"Mama, utanifunza biashara hii mimi."

"Wewe jifunze kulipa sare za watoto wako kwanza."

Paa ndilo lililowatoa jasho. Karatasi ndefu ilipaswa kupanda paji la uso, ipite juu ya kichwa, iteremke mgongoni, na kila walipoibana mbele iliruka nyuma kwa kishindo. Masafa alitaka kupiga riveti za kuishikilia papo hapo.

"Pini kwanza, mshono baadaye," alisema Mama Sare. Wakaifunga kwa mikanda ya mizigo, wakaikaza kidogo kidogo kutoka mbele, na alumini ikasalimu amri, ikalala.

Kwa siku kadhaa walifanya kazi hivyo, yeye akiweka alama kwa chaki, mumewe akifuata na drili. Hapo ndipo alipoona jambo jingine. Matundu hayakuangukia kwenye alama. Mengine yalikuwa pembeni kidogo, mengine pembeni sana.

"Weka alama kubwa," Masafa alisema.

"Hii inaonekana mpaka barabarani."

"Weka kubwa, nimekwambia! Na fanya haraka."

"Haraka ya nini? Nani anakungoja?"

Sauti ya drili ilijibu kwa niaba yake.

Mlango Masafa aliutengeneza mwenyewe, na hapo hakutaka msaada. Fremu yake nyembamba ya chuma, plaiwudi ndani, alumini nje, pembe zimeviringwa zifuate mkunjo wa tela. Aliufunga kwenye bawaba, akapitisha njiti ya kiberiti kwenye mwanya kuzunguka mlango wote, akiusikiliza kwa ncha za vidole. Palipobana alipiga tupa, palipolegea alisogeza bawaba. Akabandika raba, akaufunga. Ulifunga kwa mlio mfupi mnene, kama mtu anayefumba mdomo baada ya kusema la mwisho.

"Umesikia?" Akaufungua, akaufunga tena. "Mama Sare, umesikia huo?" Uso wake wote uling'aa, na mkewe, pamoja na hasira zake, alijikuta anatabasamu.

Kisha Masafa akanyoosha mkono chini kutafuta bisibisi. Alipapasa kulia, akapapasa mbele, akapapasa tena.

"Iko hapo kushoto kwako, mzee," alisema Cheche taratibu.

"Najua iliko," alisema Masafa.

*

Cheche alipata basi bovu la kutengeneza, akahitaji nafasi, na tela likatakiwa liondoke. Masafa alilifunga kwenye pikapu yake kuukuu, akajifuta mikono, akaingia nyuma ya usukani kama mtu anayerudi kwenye kiti chake mezani. Nyumbani palikuwa mitaa michache tu kutoka karakana. Mama Sare alitangulia kwa miguu akafungue geti.

Watu walitoka kushangaa. "Masafa ameleta yai!" mmoja alipiga kelele. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu, akasimama kibarazani na mashine mkononi. Geti lao lilikuwa jembamba, lakini sifa za Masafa zilijulikana. Huyu bwana aliwahi kuingiza lori na tela lake kwenye uchochoro ambao wengine waliogopa kuingiza baiskeli. Mama Sare alisimama kando ya nguzo ya kushoto, akainua mkono.

"Njoo. Njoo hivyohivyo. Njoo..."

Pikapu ikaingia. Tela nyuma yake likaanza kukata kona karibu mno.

"Simama."

Halikusimama. Injini ilinguruma na dirisha la upande wake lilikuwa limepandishwa.

"Simama! Baba, simama!" Aliupunga mkono mbele ya kioo cha pembeni, karibu kabisa, mpaka akauona mkono wenyewe ndani ya kioo. Na nyuma ya dirisha aliuona uso wa mumewe umetulia, unatazama mbele, unatabasamu.

Akaruka. Nguzo ikazama ubavuni mwa tela mahali pale pale alipokuwa amesimama. Alumini ikapasuka kwa kilio kirefu, riveti zikafyatuka mfululizo, na kipande kikubwa kikajikunja kama kifuniko cha kopo.

Masafa alizima gari, akashuka. "Nini? Nini kimetokea?"

Mama Sare alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kiatu kimoja mguuni, kingine chini ya gurudumu.

"Mzee amelewa?" kinyozi aliuliza jirani yake, si kwa sauti ya chini sana.

"Mchana huu?"

Masafa aligeuka kuelekea zilikotoka sauti. "Nilionja kidogo asubuhi," alisema. "Mnisamehe."

Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi aliuliza kwanza kama ina pombe. Mama Sare alimtazama kutoka pale chini, na hofu ya kugongwa ikageuka hofu nyingine. Anayekubali kuitwa mjinga, kisha akakubali kuitwa mlevi, basi kuna neno la tatu analoliogopa kuliko hayo yote.

*

Binti yao alifika akiwa bado na chaki kwenye mikono. Habari zilimfikia shuleni zikiwa zimekwisha kuongezwa chumvi: baba amelewa, amemgonga mama. Alimkagua mama yake kichwa hadi miguu, kisha akasimama mbele ya baba yake aliyekaa kwenye kochi.

"Baba, tangu lini unakunywa?"

"Mwanangu, yameisha hayo."

"Hayajaisha. Ungemuua."

Mama Sare aliingia na kikombe cha chai. Aliketi kwenye kochi upande wa kushoto wa mumewe, akamnyooshea kikombe. Masafa aliendelea kumtazama binti yake. Kikombe kilikaa hewani, mvuke ukipanda karibu na shavu lake. Binti alikiona, akamtazama mama, akamtazama baba, akakitazama tena kikombe, na maneno yaliyokuwa yamejipanga mdomoni mwake yakatawanyika.

"Baba," alisema polepole, "mama anakupa chai."

Masafa aligeuka haraka mno, na kiwiko kikakigonga kikombe. Chai ikamwagika mapajani mwao wote wawili.

Binti alinyoosha kiganja, kama anavyofanya anapowanyang'anya wanafunzi simu.

"Nipe funguo za gari."

"Gari ni langu."

"Nipe, Baba."

Alizitoa mfukoni, akazinyoosha, akaziachia. Zilikosa kiganja, zikaanguka sakafuni. Binti aliinama akaziokota, akatoka nje upesi, na kutoka uani wakamsikia akipenga kamasi.

"Tangu lini?" aliuliza Mama Sare.

"Jicho la kushoto lilikwisha kabla sijaacha kazi. Ndilo walilonifukuzia. Hawakupunguza watu, nilikudanganya." Alisugua mapaja yaliyolowa. "Hili la kulia naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na bomba linazidi kuwa jembamba."

"Dawa?"

"Napewa matone. Yanachelewesha. Hayarudishi."

"Na mimi ulitaka nijue lini?"

"Nikishamaliza kukuonyesha."

"Kunionyesha nini?"

"Njia," alisema Masafa. "Maisha yangu yote yako huko. Ulinifungia chakula kwenye kitambaa, nikaondoka, nikarudi, ukanifungia tena. Hujui hata nilikuwa nakwenda wapi. Hukuwahi kuuliza."

"Nilikuwa nauliza! Kila mara nilikuuliza unakwenda wapi. Ulikuwa unanijibu 'mbali'."

Hilo Masafa hakuwa amelikumbuka.

"Mimi nilidhani una mwanamke," alisema Mama Sare. "Nilidhani unakimbilia kwake na hilo yai lako. Mlango mmoja, upande wako."

Masafa alitoa sauti iliyokuwa kati ya kicheko na kikohozi. "Mlango ndio kazi ngumu kuliko zote. Niliyapima macho yangu, nikaona yanatosha mlango mmoja."

Mama Sare alilia hapo, kwa hasira zaidi kuliko huruma, akimpiga begani kwa ngumi ndogo ndogo. "Umekaribia kuniua kwa sababu ya aibu. Aibu! Kuanzia leo ukiwa huoni, sema sioni."

"Sioni," alisema Masafa.

*

Tela lilibaki uani limepasuka ubavu, na wapitao walichungulia. Cheche alikuja, akalikagua, akatikisa kichwa. Bomba la ubavuni lilikuwa limepinda. Karatasi nzima ingehitaji kung'olewa na kununuliwa nyingine.

"Usiing'oe yote," alisema Mama Sare. Alichukua chaki, akazungushia pale palipoharibika, kuanzia juu ya gurudumu hadi karibu na paa. "Kata hapa mpaka hapa. Tunaweka mlango."

"Mlango wa kushoto?"

"Kwani mimi nitokee dirishani?"

Huo wa pili aliutengeneza mama mwenyewe, mumewe akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimwelekeza kwa mdomo. Waligombana kwa kila bawaba. Alikunja alumini ya kwanza vibaya akaitupa; ya pili ikakubali. Ulipofungwa, Masafa alipitisha njiti yake ya kiberiti, akafika pembe ya chini akasimama.

"Hapa umekaza."

"Nimechoka. Acha ukaze."

"Mvua itaingia."

"Iingie kwangu. Ni mlango wangu."

Hata hivyo aliutoa, akaupiga tupa.

Udereva Mama Sare alifundishwa na Cheche kwenye uwanja wa karakana, na mtaa mzima ulikuja kutazama. Kinyozi alileta kiti. Gari liliruka kama chura, likazima, likaruka tena, na kila lilipozima walipiga makofi. Mtihani wa kwanza alianguka. Mtahini alimuuliza kwa nini mwanamke wa umri wake asikae nyumbani apumzike, naye akasahau kuachia breki ya mkono. Alirudia. Binti yake, aliyekuwa amesema katu hatazirudisha zile funguo, alizirudisha siku alipoiona leseni. Alimkabidhi mama, akavikunja vidole vya mama juu yake, akasema, "Mkifika mnipigie." Kisha, kwa baba yake: "Na wewe usimpigie kelele barabarani."

"Nilipigiwa kelele na watu wangapi mimi?"

"Baba."

"Simpigii."

*

Walianza safari asubuhi yenye wingu. Kilimani gari lilimzimikia, na malori yakajipanga nyuma yakipiga honi.

"Huyo wa kwanza anakusalimu tu," alisema Masafa.

"Ananitukania mama yangu."

"Ndiyo, anakutukana. Kanyaga klachi. Usimtazame. Sikiliza injini, ikianza kulalamika ndipo uachie."

Injini ikalalamika, akaachia, gari likapanda huku tela likifuata nyuma kwa utii. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Alitaka kugeuza arudi nyumbani, na pia alitaka kujua baada ya kilima kuna nini. Hayo mawili yalimsumbua kila walipopita mahali pa kugeuzia, na kila mahali alipapita.

Masafa aliisoma barabara kwa masikio. Alijua daraja kabla halijafika, kwa mlio wa tairi. Alitaja mteremko, akataja kona mbili zilizoshikana. Kisha akaanza kuzungumza juu ya mahali fulani mbele, mto unapojipinda, miti mirefu imeinamia maji, kivuli mpaka jioni. Madereva wote walisimama hapo, wakaoga, wakalala. Alikuwa amelala hapo zaidi ya alivyolala nyumbani. Hapo ndipo alipotaka amlete.

"Punguza. Umeona jiwe refu lililopakwa rangi nyeupe? Kata kushoto baada ya hilo. Taratibu. Simama."

Alisimama. Masafa alishuka bila kungoja, akavuta pumzi, akatembea hatua kadhaa huku mkono mmoja ukitangulia. Jicho lake la kulia lilikuwa limebaki na ukungu na vivuli tu vya vitu vya mbali.

"Haya," alisema, akielekeza uso mbele. "Si nilikwambia?"

Mama Sare alitazama. Kulikuwa na ukuta wa matofali mrefu usioonekana mwisho, na juu yake seng'enge. Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa inasaga mawe. Mto ulikuwa upande wa huku, mwembamba, una rangi ya saruji, na kando yake vilisimama visiki vilivyokatwa sawasawa na ardhi. Upepo ulileta vumbi jeupe likamtua mumewe kwenye nywele na kope. Alikuwa bado anatabasamu, anangoja.

Ingekuwa rahisi. Maneno yake mwenyewe, ya miti na kivuli, yalikuwa tayari. Ni kumrudishia tu.

"Hakuna miti," alisema. "Wameikata yote. Wamejenga ukuta, wanasaga mawe. Mto umekuwa kama maji ya kuoshea vyombo."

Masafa alisimama vile vile. Tabasamu lilichukua muda kuondoka, kama halikuambiwa. Alisikiliza mashine, akakung'uta vumbi usoni, akaonja midomo yake.

"Yote?"

"Kimebaki kichaka kimoja kule ng'ambo. Kibaya."

"Kina ndege?"

Mama Sare aliangalia vizuri, mkono juu ya macho. "Mmoja. Mweusi. Ananikodolea macho."

Lori lilipita barabarani, nalo tela dogo likatikisika kwa upepo wake. Masafa aligeuza kichwa kulifuata kwa sikio mpaka likapotea.

"Baada ya hapa kuna njia panda," alisema. "Kulia ndiyo niliyozoea. Kushoto sikuwahi kwenda, kampuni haikuwa na mizigo huko."

"Kuna nini kushoto?"

"Nitajuaje?"

Mama Sare alimshika kiwiko, akamgeuza kuelekea gari, akamwachia aende mwenyewe. Akaingia, akasogeza kiti mbele, akavuta mkanda. Njia panda ilipofika hakumuuliza. Aliwasha taa ya kukatia kushoto, na Masafa, aliyeusikia ule mlio mdogo, akashusha dirisha la upande wake, akatoa kichwa nje.